Hiace imelala nzima, imeamka inagonga: kabla injini haijashushwa, hamisha nozeli

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hiace ya injini ya 3L, inabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Iringa mjini. Juzi jioni nilirudi nayo nyumbani ikiwa haina shida yoyote. Asubuhi nikaiwasha, ikasitasita, halafu ikaanza kugonga kwa nguvu, ka-ka-ka-ka, kama mtu yuko ndani na nyundo. Taa ya oili inazima kama kawaida. Moshi mweupe unatoka na unawasha macho. Nilizima baada ya dakika moja hivi. Fundi wa mtaani akaja, akaiwasha, akasikiliza, akasema imenoki, yaani beringi za ndani zimekufa, ishushwe tufanye ovahoo. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeongeza lita 10 za dizeli ya kwenye dumu. Je, kuna namna ya kupima mwenyewe hapa nyumbani kabla sijauza ng'ombe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ng'ombe abaki zizini kwanza.

Katika maelezo yako kuna mambo matatu yananizuia kukubaliana haraka na huyo fundi: gari lililala zima, taa ya oili inazima, na moshi unawasha macho. Beringi ya konrodi, ile inayokaa kati ya mkono wa pistoni na kranki (mhimili mkuu wa injini), mara nyingi hufa kazini. Hufa mlimani, matenga yakiwa yamejaa nyuma, oili ikiwa imepungua au imekuwa nyepesi kwa joto. Mwenye gari huanza kusikia mlio huko huko njiani, na ukifika nyumbani tayari unajua kuna jambo. Nozeli, kile kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silinda, ndiyo hulala nzima ikaamka imeganda. Na moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Hata hivyo, hayo ni mawazo ya mtu aliye mbali na gari. Nimewahi kukosea nikiwa nimeinamia injini yenyewe, kwa hiyo twende kwa vipimo, na ufuate mpangilio huu bila kuruka.

Usiwashe tena mpaka umeangalia oili. Gari likiwa mahali tambarare na injini imelala usiku kucha, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Ukikuta oili haifiki hata alama ya chini, hapo fundi wako anaanza kuwa na hoja, na gari lisiwashwe kabisa mpaka beringi zikaguliwe. Ukikuta oili imevuka alama ya juu, na wewe hukuongeza, inuse. Nozeli iliyoganda ikiwa wazi humwaga dizeli kwenye silinda, dizeli hiyo hupita pembeni mwa pistoni ikashuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kiwango cha oili kikapanda. Dondoshea tone moja kwenye kipande cha gazeti ukiache nusu saa. Kama dizeli imeingia, weusi hubaki katikati na pete ya mafuta mepesi hutambaa nje yake. Oili ya namna hiyo haifai kuwashia gari hata kwa majaribio, maana haina tena unene wa kubeba kranki. Imwage, weka mpya na filta mpya, ndipo uendelee.

Oili hiyo unayoimwaga usiitupe kabla ya kuitazama. Chukua sahani nyeupe, weka kijiko kimoja cha oili ya mwisho kutoka, ipeleke juani na uiinamishe ili itambae kwa wembamba. Oili ya dizeli ni nyeusi siku zote, weusi si ugonjwa. Unachotafuta ni vimetameta, kama vumbi la rangi ya fedha au shaba linalotembea na oili. Wengi hutumbukiza sumaku, ikitoka safi wanashangilia. Madini ya uso wa beringi hayanaswi na sumaku, kwa hiyo sumaku safi haikuambii kitu kuhusu beringi. Filta ya zamani nayo ipasue kwa patasi, siyo kwa msumeno wa chuma, kwa sababu msumeno utaingiza chengachenga zako mwenyewe. Kunjua karatasi ya ndani, ikamue, itazame juani mkunjo kwa mkunjo. Vimetameta vikiwa vingi kiasi cha kuonekana bila kutafutwa, acha hapo, mwite fundi wako, alikuwa sahihi. Karatasi ikiwa nyeusi tu, tunaendelea.

Sasa lile dumu. Zamani shida kubwa ya dizeli ya mitaani ilikuwa mafuta ya taa, kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo mno na wachakachuaji walipata faida nono. Kodi hiyo ilipopandishwa mwaka 2011, mchanganyo huo ukapoteza mvuto wake. Ninachokutana nacho zaidi kwenye madumu siku hizi ni maji, vumbi, na mabaki ya petroli, kwa sababu dumu lilelile jana lilikuwa la bodaboda. Petroli kidogo ndani ya dizeli inatosha kuifanya injini igonge vibaya: dizeli hutakiwa kuwaka mara tu inapopulizwa kwenye hewa yenye joto, petroli huchelewa, halafu vyote vinalipuka kwa mkupuo mmoja. Chini ya filta ya dizeli kuna kifungulio cha kumwagia maji. Kinga kwa chupa safi ya kioo, toa kama nusu lita, uiache itulie. Maji yatakaa chini na mstari utauona. Takataka utaziona. Petroli utainusa. Kama hali ni mbaya, mwaga tangi lote, badilisha filta, jaza dizeli ya kituo unachokiamini. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu kidoleni, maana hewa ikibaki kwenye mfumo nayo itakuletea mlio wake wa kugonga.

Kuna tofauti moja hapa ya kuikumbuka. Dizeli mbaya hugongesha silinda zote nne. Nozeli mbovu hugongesha moja. Lakini dizeli mbaya ndiyo huua nozeli, kwa hiyo unaweza kukuta vyote viwili.

Kabla hujaingia kwenye nozeli, toa mikanda. Naomba hili usilidharau. Miaka mingi iliyopita nilishusha injini ya 2L kutoka kwenye Hilux ya mzee mmoja mstaafu, kwa sababu niliisikia inagonga chini na nikaridhika na sikio langu. Nilifungua sampu, nikafungua beringi moja baada ya nyingine, zote nzima. Kosa lilikuwa mbele kabisa: boliti ya puli ya kranki ilikuwa imelegea, ile kabari ndogo inayoishikilia puli imekula nafasi yake, na puli inapiga huku na huku kila kranki inapozunguka. Nilimrudishia mzee fedha ya kazi. Wiki tatu ambazo gari lake halikufanya kazi sikuwa na namna ya kumrudishia. Tangu siku hiyo silisogelei sampu la mtu kabla sijashika puli kwa mikono miwili, injini imezimwa, na kuitikisa kushoto na kulia, mbele na nyuma.

Kwenye injini yako kuna mwingine mwenye tabia hiyo. Nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayonyonya hewa kwa ajili ya breki, nayo hupata oili yake kutoka kwenye injini kwa kijibomba chembamba. Kijibomba kikiziba, mapanga ya ile pampu hukauka na huanza kugonga kwa mlio mkavu ambao mtu aliyesimama mlangoni ataapa ni konrodi. Kwa hiyo legeza alteneta, toa mikanda yote ya nje ya mbele, washa injini ikiwa ya baridi kwa nusu dakika tu, kisha zima. Pampu ya maji haizunguki wakati huo, usizidishe muda, na usilitembeze gari kwa sababu breki zitakuwa nzito. Kelele ikitoweka, umeokoka: tafuta kwenye alteneta, kwenye pampu ya maji au kwenye beringi za mikanda. Kelele ikibaki palepale, rudisha mikanda.

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, inua kiti uifikie. Vua pete, funga mikono ya shati, watoto wakae mbali, ndoo ya mchanga iwe karibu, na vaa miwani. Chukua kipande cha mpira wa maji cha kama mita moja. Ncha moja weka sikioni, nyingine itembeze juu ya injini: juu ya kila nozeli, halafu ubavuni mwa bloku, halafu chini kwenye sampu. Washa iwe sailensa, yaani ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, usipige resi. Mlio wa nozeli ni mkali na mkavu, uko juu, kama jiwe juu ya bati nene. Mlio wa beringi ya konrodi ni mzito, uko chini, kama nyundo ya mbao inayogonga gogo. Mlio wa tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, ni mwepesi, tiki-tiki-tiki. Hewa inayovuja kwenye manifoldi au chini ya nozeli hufanya chi-chi-chi na huacha masizi meusi pale inapotokea, kwa hiyo tumia macho pia.

Ukishapata wazo la silinda, zima, vaa glavu, shika spana namba 17. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mikanda. Funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa, washa, kisha legeza nati hiyo taratibu, robo hadi nusu mzunguko, mpaka dizeli ianze kutoka hapo badala ya kuingia kwenye silinda. Sikiliza mlio, sikiliza na mwendo wa injini. Kaza. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Usilegeze mbili kwa pamoja. Dizeli isidondokee bomba la moshi likiwa la moto. Wala usipeleke kidole kwenye kinachoruka: dizeli yenye msukumo hupenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kama tobo la mwiba, lakini ndani inaharibu nyama na watu wamekatwa vidole. Ikikutokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama huumwi.

Kipimo hiki ni cha injini za pampu ya zamani kama yako, 2L, 3L, 5L, 1HZ na wenzao. Msomaji mwenye injini za reli moja ya msukumo mkubwa, kama 1KD na 2KD za Hilux, Prado na Hiace mpya, asiguse nati yoyote injini ikiwa inanguruma. Msukumo kwenye reli hiyo unaweza kupita bar 1,000. Yeye apate fundi mwenye mashine ya kusoma viwango vya nozeli. Na kwa hizo injini niongeze jambo moja, kwa sababu limezimaliza nyingi: washa (zile pete) za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa silinda huingia kwenye oili na kuijaza masizi mazito, masizi yanaziba kichujio cha pampu ya oili ndani ya sampu, na hapo beringi zinakufa kwa kiu. Sauti ya nozeli kwenye 1KD isiachwe hata wiki.

Turudi kwako. Kuna nati moja ambayo ukiilegeza mlio wa kugonga unakatika. Mafundi wengi wakifika hapo husema, "Umeona? Ni nozeli." Wengine, kwa jibu lilelile, husema, "Umeona? Ni konrodi ya silinda hiyo." Na kila mmoja ana sababu. Ukikata mafuta ya silinda, mlipuko unaondoka. Nozeli mbovu haina tena cha kugongesha, kwa hiyo mlio hupotea kabisa. Lakini beringi iliyolegea nayo hupungua mlio, kwa sababu ile nguvu iliyokuwa inaisukuma konrodi chini haipo. Kwa hiyo kulegeza nati kunakwambia silinda gani. Hakukwambii ugonjwa uko juu au chini. Mlio ukibaki kidogo kwa chini, mzito, au ukibadilika kuwa wa mara mbili mbili, nakuwa na hofu na beringi. Ukipotea kabisa na injini ikabaki inatetemeka tu kwa kufanya kazi na silinda tatu, natumaini nozeli. Bado ni tumaini.

Kinachokata shauri ni kuhamisha. Tuseme mlio uko silinda ya pili. Sijui ni ipi kwako, ni mfano. Zima, injini ipoe. Safisha kwanza kuzunguka nozeli kwa brashi na dizeli, kwa sababu punje moja ya mchanga ikidondoka kwenye tundu umetengeneza ugonjwa mwingine. Fungua mabomba, fungua kile kijibomba cha juu kinachorudisha mafuta, ziba midomo yote kwa kitambaa safi. Nozeli za injini yako zimefungwa kwa nyuzi kwenye silinda hedi, zinatoka kwa soketi ndefu ya namba 27. Toa ya pili na ya nne. Nasema ya nne, siyo ya jirani, ili sikio lipate umbali wa kutofautisha. Zitazame ncha: nzima huwa kavu na masizi kidogo, iliyoganda huwa imelowa. Ile ya pili ifunge kwenye silinda ya nne, ya nne kwenye ya pili, ukitumia washa mpya. Mabomba yasihame, kila moja limekunjwa kwa mahali pake. Nati zianze kwa vidole kabla ya spana. Pampu ya mkono, washa, rudia kulegeza nati.

Mlio ukiwa umehamia silinda ya nne, ugonjwa umehama na nozeli, na injini haina haja ya kushuka. Mlio ukibaki silinda ya pili ilhali ina nozeli iliyokuwa nzima, tatizo liko chini ya nozeli: msukumo wa silinda, pistoni au beringi. Hapo mwambie fundi aanze na kipimo cha msukumo, kisha akwambie kama sampu ya gari lako inaweza kutoka injini ikiwa mahali pake. Ikitoka, beringi zinakaguliwa kwa kulala chini ya gari, kabla mtu hajafunga mnyororo wa kuinulia injini.

Na ikiwa silinda zote nne zinagonga sawasawa, ukilegeza nati yoyote mlio unapungua kidogo tu? Hapo ni dizeli, au ni mkanda wa taimingi umeruka jino. Kwenye dashibodi yako kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Kama iliwahi kuwaka na mtu akaizima bila kubadilisha mkanda, niambie, na usiliwashe gari tena mpaka kifuniko kifunguliwe na alama za taimingi zitazamwe. Mkanda huo ndio unaendesha valvu na pampu ya dizeli, ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Ikionekana ni nozeli, peleka zote nne kwa fundi pampu, siyo ile moja. Simama mezani kwake wakati anazipima. Nozeli nzima hupuliza mafuta kama ukungu na hukata ghafla bila tone kubaki kwenye ncha. Yenye ugonjwa hukojoa mkondo mmoja, au inabaki inadondosha. Muombe azisawazishe zote zifunguke kwa msukumo mmoja. Baridi ya asubuhi ya huko kwenu ni kali, kwa hiyo akimaliza, mwambie pia mtu apime plagi za kupasha joto. Moja ikiwa imekufa, silinda yake hugonga na kutoa moshi mweupe kwa dakika chache za mwanzo kisha inatulia, na utadhani nozeli imerudia.

Yule fundi wa mtaani mwite awe nawe siku ya kuhamisha, mlipe siku yake. Yeye ndiye utakayempata usiku gari likikwama njiani, mimi sitakuwepo. Kisha niandikie mambo matatu: oili ulikuta kwenye alama ipi, nati ya silinda gani ilikata mlio, na baada ya kuhamisha mlio uko wapi.